Gadi Iliyoharibu Picha

Watu wa kamera wana maradhi yao: kitu kisichowapendeza machoni hawakizunguki, wanakitoa. Fleurie Chavassieux aliligundua hilo tangu wiki ya kwanza, walipomwondolea birika lake la kahawa, kisha kalenda, kisha picha ya marehemu mama yake ukutani, eti sinema yao ni ya mwaka 1831, na wakati huo watu hawakuwa wakipigwa picha. Aliwaacha. Mwenye shida hachagui mkono wa kumvuta, na Fleurie alikuwa na shida ya kweli.

Alikuwa na miaka sabini na miwili, na mpangaji wa chumba kimoja ghorofa ya nne, juu ya kilima cha Croix-Rousse mjini Lyon, Ufaransa. Dari ya chumba hicho ilikuwa juu kama ya kanisa, kwa sababu waliokijenga hawakukijengea watu, walikijengea kitanda cha mfumi, mtambo wa mbao wa kufumia hariri. Kitanda chenyewe bado kilikuwapo, kikubwa kuliko gari la kubebea nyasi, chenye mnyororo wa kadi za matundu za kuongoza nakshi juu yake na vyuma vya risasi mia kadhaa vikining'inia chini. Bibi yake alifumia hariri hapo, mama yake akafuata, na Fleurie mwenyewe alikuwa amekikalia miaka hamsini na minne. Sasa jengo lote lilikuwa limenunuliwa na kampuni iliyotaka kulaza watalii, na mahakama ilikuwa imempa Fleurie hadi mwisho wa Juni awe ameondoka.

Mlango mmoja tu ulikuwa bado wazi. Ilikuwapo kamati ya urithi, na kanuni yake ilikuwa fupi: karakana inayofuma inalindwa pamoja na mfumi wake, kitanda kisichofuma ni fanicha, na mwenye fanicha ahame nayo. Ahame nayo wapi, kanuni haikusema. Kamati ilikuwa imeahidi kuja Alhamisi, saa nne asubuhi, ikione kitanda kikifuma kwa macho yake.

Ndiyo maana alimkubali Corentin Le Goanvic, Mbretoni wa pwani ya magharibi, mwenye ndevu nyekundu na viatu visivyofungwa kamba, alipobisha hodi mwezi wa Aprili. Corentin alikuwa anatengeneza sinema fupi ya kumbukumbu, ya dakika kumi na mbili, kuhusu mapinduzi ya wafumi: jinsi watu wa kilima hicho walivyodai bei moja ya kazi yao, matajiri wa hariri wakakubali kisha wakala matapishi yao, na wafumi wakateremka mjini na bendera nyeusi, wakaushika mji kwa siku chache, mpaka jeshi lilipokuja kuwarudisha kilimani. Alimwahidi Fleurie kwamba sinema itakamilika kabla ya kamati kuja, nayo itakuwa shahidi wake.

Kufikia Jumanne ilikuwa imebaki picha moja tu, ya mwisho. Bendera ile nyeusi ilipaswa kuonekana ikizaliwa kitandani, na maneno ya wazee wale ndani yake kwa uzi mweupe: kuishi tukifanya kazi au kufa tukipigana. Fleurie alikuwa amefika nusu. Hariri ya namna hiyo hufumwa kifudifudi, uso wa kitambaa ukitazama sakafu, na mfumi haoni ila mgongo wake. Akitaka kujua anachokifanya huchungulia chini kwa kioo kidogo cha mkononi. Kioo kilikuwa kimemwonyesha kuishi tukifanya kazi, safi, bila kosa. Akavua aproni akashuka kununua mkate.

Alipokuwa anarudi, kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia maisha yake yote. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayepasua shuka, ila shuka hiyo haikuisha upesi. Mkate ukamtoka mkononi.

Kitanda cha mfumi hakisimami chenyewe. Kinapigwa kutwa, na kisipozuiwa kinatembea. Kwa hiyo husimikwa gadi nne za mwaloni, zikikikaza kwenye boriti za dari, na gadi hizo mtoto wa Croix-Rousse anafundishwa asiziguse kabla hajafundishwa sala. Moja kati ya hizo nne ilikuwa imekatiza mbele ya dirisha, ikipasua mwanga katikati. Ilikuwa inaharibu picha. Wakaitoa kwa nyundo, kwa dakika tano tu, wairudishe kabla Fleurie hajarudi.

Kitanda hakikuanguka, kiliinama tu kiasi cha shibiri moja. Lakini shibiri moja inatosha. Katika nyuzi elfu tatu za mtande, zile zilizotandwa kitandani kwa urefu, elfu mbili na mia nne zilikuwa zimekatika, zikilala huku na huku kama nywele za mgonjwa. Fleurie aliketi sakafuni. Alijaribu kulia na machozi hayakuja, akabaki ametumbua macho.

"Bi Chavassieux," Corentin alisema, uso umempauka, "tulitoa mti mmoja tu. Nisamehe. Sikujua."

"Wewe Mbretoni, kwenu mtu akitoa ubao mmoja chini ya mashua yake ili aipige picha vizuri, mnamwitaje?"

Corentin aliangalia nyundo iliyokuwa bado mkononi mwake.

"Mnamwita marehemu," Fleurie akasema, naye hakucheka.

Corentin alisema nyuzi zinaweza kufungwa. Wapo watu sita, wana mikono kumi na mbili, waelekezwe tu. Fleurie alimweleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba fundo halipiti kwenye tundu la sindano za kitanda. Uzi uliokatika hausokotwi na yeyote yule. Unasokotwa na msokotaji, ncha kwa ncha, kwa kidole gumba na shahada na mate kidogo, mpaka nyuzi mbili zisahau kwamba ziliwahi kuwa mbili. Mfumi hasokoti na msokotaji hafumi. Ndivyo kilima kilivyogawana kazi tangu enzi hizo za bendera, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kubadilisha. Sasa kilima kizima kilikuwa kimebakiwa na msokotaji mmoja. Alikuwa na miaka sabini na minane, akikaa chini kabisa ya ngazi karibu na mto, na kwa miaka kumi na moja hakuwa amesema na Fleurie hata neno.

Alikuwa Ludivine, dada yake wa tumbo moja.

Waligombana siku ya mazishi ya mama yao. Ludivine alisema kitanda kipelekwe makumbusho: mama amekufa, nacho kife kwa heshima. Fleurie, mbele ya majirani wenye vikombe mikononi, akamjibu kwamba hiyo ni sauti ya wivu, kwa kuwa mama alimpa mdogo kiti cha kufumia, mkubwa akaachiwa ncha za nyuzi. Toka hapo wakikutana sokoni kila mmoja alitazama kabichi.

Mficha uchi hazai. Fleurie aliteremka ngazi zote mia mbili na zaidi, jua la jioni likiwa bado juu, akabisha. Ludivine alifungua, akamtazama toka viatu hadi nywele.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, dada. Mtande umekatika."

Ludivine aliangalia ngazi nyuma ya mdogo wake. Kisha akauliza, "Rangi gani?"

"Mweusi."

Mlango ukafungwa. Fleurie aliuegemea kwa paji la uso, na hapo ndipo machozi yaliyomkwama mchana kutwa yalipopata njia. Alilia pale kama mtoto aliyefungiwa nje, bila haya, akijua majirani wa ngazi nzima wanasikia. Miaka yake yote ilikuwa imeishia kwenye mbao hizi zilizopakwa rangi ya kijani. Alikuwa ameshageuka kuondoka mlango ulipofunguka tena. Ludivine alikuwa ameenda kutafuta miwani.

"Nyeusi haisokotwi kwa taa," alisema. "Jua linachomoza saa kumi na mbili kasoro. Nitapanda kwa miguu yangu mwenyewe. Usinitumie mtu wa kunishika mkono."

Jumatano alfajiri alifika akihema, akakaa mbele ya uharibifu ule, akauangalia kama daktari asiyetaka kumwambia mgonjwa. Gadi ilikuwa imesharudishwa na kukazwa. Akamwamuru Fleurie awe mpokezaji: atafute ncha mbili za uzi mmoja, ampe. Corentin akaomba, kwa adabu yote, aruhusiwe kupiga picha kazi hiyo, maana haijawahi kuonekana kwenye sinema.

"Kijana," Ludivine alisema bila kugeuza kichwa, "kaa chini ushike hivyo vyuma vya risasi visibadilishane nafasi. Na ukitaka kukohoa, nenda ukakohoe kwenu."

Corentin akaketi sakafuni. Asubuhi ikaenda. Hawakuzungumza ila kwa maneno ya kazi: lete, vuta, ngoja, siyo huo. Kila uzi ulitaka muda wa kuvuta pumzi tano au sita, na ndugu hao wawili walikuwa na pumzi chache kuliko nyuzi. Kufikia saa nne Ludivine alikuwa amesokota mia sita. Kufikia saa sita ngozi ya ncha za vidole vyake ilikuwa imechubuka, na damu ikaanza kuonekana.

"Bahati yetu ni nyeusi," akasema, akajifuta kwenye aproni.

Fleurie alihesabu kichwani na hesabu ikamtisha. Kwa mwendo ule hawangemaliza. Aliwaza mambo ya kijinga: kuiomba kamati ije Ijumaa, kusema anaumwa, kuchoma moto jengo. Akampa dada yake ncha zisizo za uzi mmoja, mara moja, mara ya pili. Ludivine akaziachanisha, akasubiri apewe nyingine. Corentin aliyaona yote hayo toka sakafuni. Aliona damu, aliona ncha zinazokosewa, akaomba ruhusa atoke kidogo. Alikaa nje kwenye korido na kompyuta yake kama nusu saa, akarudi mwepesi usoni, kama mtu aliyetua mzigo. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anafanya nini.

Walikula wamesimama, mkate na jibini laini la majani. Ludivine alitafuna polepole, akiangalia kiti cha kufumia.

"Wivu nilikuwa nao," akasema ghafla. "Hapo hukukosea. Ulikosea kunisema mbele ya watu."

"Najua, dada."

"Miaka kumi na moja unajua, na ngazi zipo."

Fleurie alifuta makombo ya mkate mikononi. Akainama kutafuta ncha, na kuanzia hapo, sijui ni kwa sababu ya maneno hayo au ya mkate, hakukosea ncha tena. Nyuzi zikaenda upesi. Alasiri ikapita, jua likazunguka nyuma ya mnara wa kanisa, wakasogeza viti kulifuata dirishani. Saa tatu kasorobo usiku, mwanga wa Juni, mwezi ambao huko jua huchelewa kuzama, ukiwa umebaki kama ukanda mwembamba juu ya boriti, Ludivine alisokota uzi wa mwisho, akaukaza, akauachia. Fleurie akakanyaga ubao wa miguu mara moja tu. Nyuzi elfu tatu zikapanda na kushuka pamoja, na hakuna hata moja iliyoachia.

Ludivine alilala humo humo, kwenye kitanda cha kulalia cha mama yao, viganja vimefungwa vitambaa.

Alhamisi saa tatu Fleurie alikuwa ameshafagia mara mbili. Alivaa blauzi ya kola nyeupe na aproni iliyopigwa pasi. Alikuwa ametundika tena picha ya mama yake, watu wa kamera wapende wasipende. Saa nne ikafika. Kila kishindo kwenye ngazi kilimfanya ajishike kifua. Kilikuwa cha mwanamke wa ghorofa ya pili na mbwa wake, kisha cha mleta barua. Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Ludivine alisema watu wa ofisi huanza siku kwa kahawa. Corentin, aliyekuwa dirishani, akatoa simu iliyotetemeka mfukoni, akaisoma, na ule wepesi wa jana ukamtoka usoni.

"Soma kwa sauti," Fleurie akasema.

Alisoma. Kamati ilimshukuru Bwana Le Goanvic kwa sinema yake nzuri aliyoituma jana mchana, ikiwa bado haina picha ya mwisho. Wajumbe walikuwa wameitazama yote na wameguswa. Kitanda kimeonekana kikifuma, kwa ukaribu na mwanga ambao ziara ya dakika chache isingeweza kuutoa. Kwa maoni yao urithi huo sasa umehifadhiwa kikamilifu, utawekwa katika hazina ya mji na kuonyeshwa shuleni, na kwa hiyo ziara haina haja tena na faili limefungwa. Walimtakia Bi Chavassieux mapumziko mema.

"Niliituma ili ikusaidie," Corentin alisema. "Niliogopa hamtamaliza. Nilitaka wawe na kitu mkononi, wakuonee huruma."

"Wapigie. Waambie kinafuma. Waambie waje."

Alipiga. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mpole mno, na upole wake ulisikika chumba kizima: ndiyo, wanajua kinafuma, wamekiona. Hapana, kuja hawatakuja, orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Hongera kwa kazi.

"Ifute," Fleurie akasema.

"Nikifuta yangu, yao ipo."

"Ifute hivyo hivyo. Isipokuwepo watakuja."

"Bi Chavassieux, ipo kwao. Siwezi kuirudisha."

Fleurie alishika gadi ile ya mbele ya dirisha, ile ile, kwa mikono yote miwili. Kwa muda walidhani anataka kuing'oa, na Ludivine akanyanyuka nusu. Lakini alikuwa anajizuia asianguke tu.

"Wazee wetu walipandishiwa jeshi zima kilimani hapa," alisema. "Wakafa, wakafungwa, wakanyimwa bei yao. Lakini walipotoka jela walikuta vitanda vimesimama palepale, na kesho yake wakafuma. Jeshi halikuweza. Wewe umepanda peke yako, na kamera, na nia njema." Sauti ikamkauka. "Nilikupikia chakula, Corentin. Nilikuona kama mwanangu."

Corentin alilia wazi wazi, mtu mzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alisema atakwenda kwenye magazeti, atakwenda kwa meya, atalala mlangoni mwa kamati. Labda angefanya hivyo kweli. Lakini siku zilizobaki kabla ya kuhama zilikuwa kumi na mbili, na Fleurie alikuwa ameishi miaka mingi vya kutosha kujua ofisi huchukua muda gani kufungua faili ambalo imekwisha kulifunga.

Aliachia gadi. Akafungua dirisha lote, mabawa mawili, kelele za barabara zikaingia: watu wanaorudi na mikate, baiskeli, mtu anayemwita mtoto. Akaketi kwenye kiti cha kufumia, akajifunga vizuri aproni.

"Unafanya nini?" Ludivine akauliza.

"Imebaki nusu."

"Nani atakuja kuiona?"

"Mimi siioni. Sijawahi kuiona nikiifuma. Chukua kioo, dada."

Ludivine alitazama viganja vyake vilivyofungwa vitambaa, akatazama sakafu, umbali wake na magoti yake ya miaka sabini na minane. Akateremka kidogo kidogo, akishika mguu wa kitanda, mpaka akalala chali chini ya kitambaa na kioo kifuani. Corentin aliinua kamera kwa mazoea tu, kabla hajajua amefanya nini. Akaona macho ya mwanamke aliyelala pale chini. Akaishusha, akaiweka nje ya mlango, akarudi kushika vyuma vya risasi.

Fleurie akakanyaga. Kitanda kikapiga, na gadi zote nne zikaitika, na mtaani chini mzee mmoja akasimama akainua kichwa. Kikapiga tena na tena, kadi zikishuka moja baada ya nyingine, uzi mweupe ukienda na kurudi katika ule mweusi. Hakuna uzi ulioachia. Baada ya muda, bila kusimamisha miguu, akauliza kama kuna kosa.

"Hakuna kosa," Ludivine akajibu toka chini.

"Limetoka neno gani?"

Ludivine akasogeza kioo kwenye mwanga, akalisoma polepole.

"Au."